Wauza kamshafti, acheni kutuuzia chuma kitupu halafu mnatuambia "funga uwashe"

Wakuu, leo nina hasira na sizunguki. Huu mtindo wa kumuuzia mtu kamshafti kubwa (ile shafti yenye nundu za kufungua valvu za injini, hii ikiinua valvu zaidi ya ya kiwandani) peke yake, bila springi za kufunga valvu, bila tapeti zinazokaa juu ya nundu, bila hata kikaratasi cha vipimo, ni uhuni mtupu. Mteja akiuliza kingine kinachotakiwa, anajibiwa "vya kiwandani vinatosha bosi, hiyo unadumbukiza tu unawasha".

Vinatosha kwa hesabu ya nani?

Injini yangu ni ya pushirodi (vijiti vinavyopeleka msukumo wa tapeti juu kwenye roka), tapeti bapa, mambo ya zamani. Boksi limefika, ndani kuna kamshafti imepakwa grisi, basi. Kadi ya vipimo hamna. Ikabidi fundi aweke geji apime nundu mwenyewe: inainua milimita 7.9. Roka zangu, zile wenzo zinazosukuma valvu, zina uwiano wa 1.5, kwa hiyo kwenye valvu inakuwa 11.85. Ya kiwandani ilikuwa inainua 10 na ushee kidogo.

Sasa njooni kwenye springi. Ikiwa imekaa kwenye hedi na valvu imefungwa, ina urefu wa milimita 43. Ukiibana mpaka mizunguko yote ishikane, inabaki 31. Maana yake nafasi yote iliyopo ni milimita 12, na kamshafti inataka 11.85. Fundi aliibana moja kwenye vaisi kwa kipimo hichohicho, ukiitazama hata karatasi ya daftari haipiti kati ya mzunguko na mzunguko. Ni kama bomba la chuma. Mafundi wa injini wanataka ibaki angalau milimita 1.5 kabla springi haijashikana. Mimi nimeachiwa 0.15. Ningewasha kama nilivyoambiwa, chuma kingekutana na chuma, halafu kitu kimoja kingekubali kushindwa: pushirodi ipinde, roka ipasuke, au nundu isagike. Na springi ikivunjika mpaka valvu ikadondoka ndani ya silinda, hapo unaagana na pistoni pia.

Hiyo ni nafasi tu, nguvu sijaigusa. Kamshafti inazunguka nusu ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Krenki ikiwa 6000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Springi dhaifu haiwahi kuirudisha, tapeti inaruka juu ya nundu badala ya kuifuata, na ile nguvu uliyoinunulia kamshafti unaipoteza palepale ulipokuwa unaitaka. Anayeuza kamshafti anajua mtengenezaji ameichorea springi ya nguvu gani. Kwa nini hasemi?

Najua kuna wataalamu watakuja hapa na "weka springi ngumu kuliko zote umalize kesi". Hapana wakuu. Kwenye tapeti bapa, springi ngumu kupita kiasi ndiyo inayokula nundu, hasa dakika za mwanzo kabisa. Wanaotumia springi za ndani na nje wengine hutoa ile ya ndani wakati wa kulainisha kamshafti mpya (kuizoesha kazi dakika za mwanzo), wanairudisha baadaye. Springi inachaguliwa kwa kamshafti, haichaguliwi kwa ubabe.

Kilichonichefua zaidi ni tapeti. Naambiwa "zako bado nzima, zirudishie". Jamani! Hiyo tapeti tunaiita bapa lakini uso wake una mbinuko mdogo, na nundu imechongwa kwa mwinamo kidogo, ili tapeti izunguke wakati inafanya kazi. Ikishatumika imeshazoeana na nundu yake moja tu. Ukiikutanisha na nundu mpya inaacha kuzunguka na kuanza kuchonga, na ule unga wa chuma unaingia kwenye oili unakwenda kutembelea beringi zote. Kamshafti mpya ya aina hii ni tapeti mpya, hakuna mjadala. Halafu oili yenye zinki ya kutosha, na ikishawaka ipelekwe moja kwa moja kwenye mizunguko 2000 hivi, ikae hapo dakika kama 20, isiachwe sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), kwa sababu nundu zinapata oili inayorushwa na krenki. Hili nalo muuzaji hakulitaja. (Wenye tapeti za rola mna nafuu, zikiwa nzima zinarudi, ila springi haziwasamehi nyie pia.)

Pushirodi zinapimwa upya kwa sababu kiini cha nundu (ile sehemu ya duara isiyoinua) kinaweza kuwa kimepunguzwa. Cheni ya taimingi iliyolegea inachelewesha kamshafti na kuisogeza valvu ya ekzosi karibu na pistoni, kwa hiyo badilisha. Na nafasi ya valvu na pistoni ipimwe kwa plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, zungusha kwa mkono, fungua, kata, pima. Watu wengi huacha milimita 2 kwa intek (valvu ya kuingiza hewa) na 2.5 kwa ekzosi (ya kutoa moshi). Kisahani cha juu ya springi nacho kiangaliwe kisigonge sili ya valvu. Kabureta au kompyuta vitahitaji kurekebishwa, na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini unaosaidia breki) ikishuka breki zinaweza kuwa ngumu mguuni, jiandae.

Haya yote yangeenea kwenye ukurasa mmoja ndani ya boksi.

Nimempigia muuzaji, nikamwambia nipe kadi na uniletee springi zinazoendana nayo au chukua mzigo wako. Jibu: "Boksi likishafunguliwa hatupokei." Sasa ningejuaje kama hamna kadi bila kulifungua?

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa kwa hali hii aseme alitumia njia gani. Wenye duka mliomo humu, povu ruksa.