MREJESHO: Vitu vya kubeba Kilimanjaro

Wakuu, mimi ndo yule wa Mbeya niliyeuliza nibebe nini kupanda Kili njia ya Marangu, nikajitapa eti baridi ya Uyole nishaizoea. Maneno yangu nimeyameza.

Mlionikataza jinzi na fulana za pamba asanteni sana, jaketi zito na soksi za sufu nilichimba mitumba pale Mwanjelwa, viatu nikavizoesha kwanza mlima Rungwe so sikupata hata lengelenge moja. Na aliyesema chupa ya maji niigeuze kichwa chini ubarikiwe mkuu, maji huanza kuganda juu, mwenzangu aliyebeba mfuko wa maji wa mrija, mrija wake uliganda mapema tu usiku ule wa kileleni akabaki ananiomba mimi maji. Simu nililala nayo ndani ya slipingi begi, chaji ikadumu.

Nilipofeli: glavu nilibeba pea moja nyembamba (ubishi), halafu ile siku ya ziada ya kuuzoesha mwili hewa nyembamba kambi ya Horombo, mita 3,720, niliikataa nibane hela. Nilipopita kambi ya Kibo kichwa kikapasuka, nikatapika, mwongozaji akanigeuzia Gilman's, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele. Kilele chenyewe, Uhuru, mita 5,895, nimekiona kwenye picha za wenzangu.

Glavu nene nauza, hazijavaliwa, nilizinunua niliporudi kwa hasira.