Naombeni ushauri: sauti za albamu yetu ya uteja, tuziache au tuingize upya?

Gitaa_Zito: Wakuu, salaam. Bendi yetu ya roki inamalizia albamu kuhusu heroini, kuanzia raha ya mwanzo mpaka arosto, yale mateso ya kuukosa unga. Ngoma, besi na magitaa tayari. Shida ni sauti. Teki tulizonazo, yaani sauti tulizokwisha rekodi, zina kasoro: mwimbaji anakwaruza, pengine anaachwa na mdundo. Prodyuza anataka tuingize upya. Usingizi umenipaa. Mnasemaje?

Masikio2: Ziache! Mwanamuziki wa roki Neil Young alirekodi *Tonight's the Night* 1973 baada ya kuwazika wenzake Danny Whitten na Bruce Berry, wote waliomezwa na uteja. Kuna mahali sauti inampasuka kabisa na akaiacha vilevile. Albamu ilitoka 1975 na watu wanaisikiliza hadi leo.

Bomba_la_Besi: Prodyuza akitaka sauti safi akarekodi matangazo ya sabuni.

MamaWawili: Roki siijui, ila unga naujua. Kijana wangu alipoanza, nilishtuka vijiko vinapungua jikoni. Nikaja kuvikuta chini ya godoro, migongo imeungua myeusi. Nikavisugua usiku kucha kana kwamba ndivyo vilivyougua. Sasa nyie mnaimba "raha ya mwanzo", watoto wa watu watajifunza nini hapo?

Fundi_Miksi: Pole sana mama. Gitaa_Zito, umesema ya prodyuza na yako. Mwimbaji mwenyewe anasemaje? Anatumia?

Gitaa_Zito: Alikuwa anatumia wakati tunarekodi. Sasa ameacha, katoka soba hausi juzijuzi. Mashairi yote ni yake, kutoka kwenye daftari lake. Kurudi studio amekubali mwenyewe, ni mtu mzima. Na malipo ya awali nimeshatoa. Naamini kazi ndiyo itakayomshikilia.

Miaka_Safi: Ndugu yangu, kumbe swali si la sauti. Studio ileile? Kiti kilekile, nyimbo zilezile za arosto, arudie mpaka prodyuza aridhike? Nimepita huko. Kiu huamshwa na mahali na vitu, hata kama mtu ameapa. Na jambo hili lishike: aliyekaa bila kutumia, mwili wake umepoteza ustahimilivu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata.

Kitabu_Wazi: Ngojeni kwanza. Hii si *Dirt*, albamu ya bendi ya Alice in Chains, 1992? Mwimbaji wao Layne Staley anaimba uteja wake mwenyewe, nyimbo zinashuka hatua kwa hatua. Jamaa kasoma makala, kabadilisha majina, kaja kututungia.

Bomba_la_Besi: Hata mimi nimehisi. Prodyuza hana jina, bendi haina jina.

Masikio2: Katunga au hakutunga, hilo la "kazi itamshikilia" lijibiwe. Mike McCready, mpiga gitaa wa Pearl Jam, alipotoka kwenye tiba alianzisha bendi ya Mad Season akitumaini Staley, akikaa na wanamuziki walioacha, naye ataacha. Albamu ikatoka 1995, nzuri mno. Mpiga besi wao, John Baker Saunders, akafa 1999 kwa heroini. Staley akafuata 2002. Naipenda albamu ile, lakini haikumshikilia mtu.

Gitaa_Zito: Sijatunga. Jina la bendi silitaji kwa sababu yake yeye. Wimbo wa nne, kabla ya ubeti wa pili, inasikika njiti ya kiberiti ikiwaka. Prodyuza alidhani ni kelele, akataka kusimamisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, namwona mwenzangu anachofanya. Nikasema tuendelee kurekodi. Ubeti uliofuata ndio bora kuliko yote tuliyowahi kurekodi, na nasimamia hilo.

MamaWawili: Ulikuwa unamwona!

Kitabu_Wazi: Nimeondoa shaka yangu.

Fundi_Miksi: Basi teki unayo. Mdundo husogezwa kwenye kompyuta neno kwa neno, mikwaruzo iache. Hayo malipo omba yahamishiwe kwenye miksi. Hana haja ya kukanyaga studio.

Gitaa_Zito: Hilo nimelipenda, kesho nazungumza na prodyuza. Ila maonyesho je? Matangazo yameshatoka, na nyimbo hizo ataziimba kila usiku.

Miaka_Safi: Matangazo hayo, yeye ameyaona?