Kuta za zege za kuinuliwa: je, zilianzia kwenye maghala?

Mkaazi wa Changamwe: Assalaam aleikum. Ninaandaa michoro ya ghala, na nimeshauriwa kuta zimwagwe zikiwa zimelala sakafuni, kisha zisimamishwe kwa kreni. Je, mtindo huu uliwahi kuwa na sura nyingine zaidi ya masanduku tunayoyaona viwandani?

Mchoraji wa Tudor: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa kweli ulikuwa na uzuri wake mapema, kabla masanduku hayajaenea. Robert Aiken aliuanzisha Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia majukwaa ya kuinamishwa, na kufikia 1914 msanifu majengo Irving Gill alikuwa amejenga kwa njia hiyo klabu ya wanawake ya La Jolla, California, yenye matao ambayo hayangemshangaza mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa. Mwaka 1922 msanifu mwingine, Rudolph Schindler, alijijengea nyumba ambayo vipande vyake vya zege vimeachana kwa nafasi nyembamba za vioo, na mwanga hupenya humo. Masanduku yalienea baada ya Vita Vikuu vya Pili, kreni za magari na zege la kuchanganywa kiwandani zilipopatikana kwa wingi.

Fundi Nondo: Naongeza moja tu. Mara nyingi ukuta hupata mkazo mkubwa zaidi siku ya kuinuliwa, kwa hiyo nondo zipangwe kwa kuikumbuka siku hiyo. Na kwa chumvi ya pwani yetu, usikubali nondo zikaribie uso wa zege.

Mkaazi wa Changamwe: Ahsanteni. Basi nitajaribu matao upande wa barabarani.