Mrejesho: maagizo kupotea zamu ikibadilika wodini

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu maagizo ya daktari kupotea zamu ikibadilika. Tulianza na ule mfumo wa kukabidhiana taarifa za mgonjwa, SBAR, mlionielekeza, ambao WHO iliupendekeza mwaka 2007: hali ya sasa, historia, tathmini, kisha kinachotakiwa kufanyika. Tunakabidhiana kitandani kwa mgonjwa, si kaunta kwenye kelele.

Kilichosaidia hasa ni kurudia agizo kwa sauti. Juzi daktari alisema kwa simu dawa itolewe "kila saa sita". Mwenzangu akarudia "saa sita usiku", akasahihishwa palepale. Zamani ingeandikwa hivyo hivyo kwenye faili.

Daktari mmoja bado hapendi kurudiwa, anahisi anapimwa. Matroni ameahidi kuzungumza naye. Asanteni sana, mmetuokolea wagonjwa.