Naomba ushauri: kuhama Minnesota kwenda Texas
Ndugu zangu mlioko Marekani, mimi ni muuguzi hapa Minneapolis, ninalipwa dola 41 kwa saa, na nimepata nafasi Houston kwa dola 37. Viwango vya makato ya serikali kuu ni vilevile kote, lakini Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, ambayo huku huanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85, na kila nikifungua hati ya mshahara mstari huo huniuma. Hata hivyo, kodi ya majengo Texas ni kubwa, na naamini mzigo huo huwafikia wapangaji. Mnaoishi huko na watoto, pango la vyumba viwili, bima ya gari na umeme wa Agosti vinawagharimu kiasi gani? Mkataba ninao mezani, sijautia sahihi.