Ushauri: tenki kubwa la dizeli kwa Hilux Revo, njia ya Dodoma–Itigi–Rungwa

Mtafuta Maji
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Hilux Revo dabo kebini, dizeli 2.4, tenki la kiwandani lita 80. Kazi ni kupima maji ya chini ya ardhi: Dodoma, Manyoni, Itigi, kisha kushuka upande wa Rungwa na kuchepuka kwenye vijiji. Kwenye lami linakula lita 10 kwa kilomita 100. Kwenye mchanga na tope linafika 15. Nyuma kuna vifaa vya kilo 450 hivi na ndani tunakaa watu wanne, kwa hiyo madumu hayana pa kukaa.

Nina njia tatu mbele yangu. Kutoa tenki la kiwandani na kufunga la lita 140 la kuagiza. Kuacha la kiwandani na kuongeza la pili. Au kuchongesha la chuma hapa hapa Dodoma. Ipi inafaa, na huwa kinaharibika nini?

Spana 17
Mkuu, kabla ya tenki piga hesabu ya njia. Katika lita 80 usitegemee zaidi ya 72, kwa sababu ukikimbiza zile za chini pampu inavuta hewa kwenye mteremko au kona. 72 kwa ulaji wa 15 ni kilomita 480. Sasa pima kilomita kutoka kituo cha mwisho unachokiamini, kwenda, kuzunguka na kurudi hapo hapo. Zikiwa 600 za njia mbaya unahitaji lita 90, ongeza sehemu ya tano ya akiba, inakuwa 108. Jumla ya 120 mpaka 140 inakutosha. Usishawishike na la lita 180.

Uzito nao ni hesabu. Lita moja ya dizeli ina gramu 840 hivi, kwa hiyo lita 60 za ziada ni kilo 50, bado chuma chenyewe. Watu wanne kilo 300, vifaa 450, mafuta ya ziada 50, tenki na vishikio 25: ni 825. Kama una bampa la chuma, winchi na kava la bodi, umeshavuka kilo 900. Soma kibao cha uzito kwenye nguzo ya mlango, kisha peleka gari mzani likiwa limepakiwa kama la safari. Likizidi, suala lako la kwanza ni vifaa, si mafuta.

Dizeli Tupu
Kwa kazi hiyo mimi nasema badilisha tenki zima. Geji inabaki moja, njia ya kwenda injini moja, ritani (bomba la kurudisha mafuta yasiyotumika tenkini) moja, mdomo wa kujazia ule ule. Kila kiungo unachoongeza chini ya gari ni mahali pa kuvuja au kuingiza vumbi.

Ya kuagiza yako ya aina mbili. Ya bati la chuma lililopakwa alumini, unene wa milimita 2, kama yanavyotengenezwa na Long Ranger na Brown Davis wa Australia. Na ya plastiki nzito, kama Frontier ya ARB. Chuma kikigongwa na jiwe kinabonyea na unaendelea na safari, ila rangi ikichubuka kutu inaanzia hapo. Plastiki haioti kutu na ni nyepesi, lakini inahitaji umbali na joto la ekzosi na inavimba kidogo ikishakaa na mafuta. Acha nafasi ya milimita 25 pande zote kati yake na chesesi (fremu ya gari) na propela shafti (mhimili unaozungusha ekseli ya nyuma). Likigusa, mtikisiko wa barabara ya makorongo utalisaga mpaka litoboke.

Uliza maswali matatu kabla ya kulipa: linafaa mwaka na injini ya gari lako hasa? Tairi la akiba linabaki mahali pake? Kuna chujio la chembe kwenye ekzosi yako? Kama lipo, linapojisafisha joto lake ni kali mno, lazima kuwe na bati la kukinga joto na uwazi wa milimita 50 au zaidi.

Vumbi la Itigi
Watu wengi wanachagua lita na kusahau pumzi, yaani mipira ya kupitisha hewa ya tenki. Humo ndimo yanamotokea matatizo mengi ya tenki za kufungwa mtaani.

Tenki lina pumzi mbili. Ya kwanza ni ya kujazia: mafuta yakiingia, hewa lazima itoke. Mpira wake uwe na tundu la milimita 16 au zaidi na upande juu moja kwa moja mpaka karibu na mdomo. Ukilegea katikati ukafanya bonde, dizeli inatuama pale, hewa inaziba na bunduki ya kituo inajikata kila baada ya lita mbili tatu. Watu wanalaumu pampu ya kituo, kumbe ni mpira.

Ya pili ni ile ndogo ya kupumulia wakati injini inanyonya. Huku kwetu vumbi la kiangazi ni jembamba kama unga, likishalowa dizeli linakuwa tope na kuziba. Dalili yake haifichiki: gari linakwenda vizuri saa nzima, kisha linakosa nguvu kwenye mlima. Ukifungua kifuniko unasikia hewa ikiingia kwa kishindo, na gari linapona. Fundi asiyejua atabadilisha filta, kisha pampu, kisha nozeli (vinyunyizia dizeli ndani ya injini). Upandishe mpira huo juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, uukunje kichwa chini, uweke filta ndogo mwishoni na kuibadilisha kila unapobadilisha filta ya dizeli. Weka na vali ya kufunga gari likipinduka.

Mtafuta Maji
Asanteni sana. Je, la kuchongesha halifai kabisa? La kuagiza litachukua muda na kazi haisubiri mvua ya Desemba.

Moto na Chuma
Linafaa kama la pili, si badala ya la kiwandani. La kiwandani lina mkunjo wa kukwepa difu (kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma) na kikombe cha kushikilia mafuta kwenye pampu. Kuiga umbo hilo kwa mkono ni kazi ngumu.

Chukua bati jeusi la milimita 2 au stenlesi 304 ya milimita 1.5. Usikubali bati la mabati hata likiwa bei ya chini, maana zinki na dizeli zinatengeneza utando kama sabuni unaoziba filta na kuua nozeli. Mabomba ya shaba pia yaepuke, shaba inaharakisha dizeli kuoza. Sentimita 100 kwa 40 kwa 15 ni lita 60 kamili na kwa chuma cha milimita 2 litakuwa na kilo 21 hivi. Weka kuta mbili za ndani za kuvunja mawimbi, zenye matundu na pembe zilizokatwa chini ili mafuta yapite. Bila kuta hizo kilo 50 zinakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila ukishika breki, na mishono inapasuka.

Usilichomelee kwenye chesesi. Chesesi inajipinda barabarani na tenki halijipindi, kwa hiyo ufa utatokea kwenye kona. Litundikwe kwa mikanda ya chuma yenye mpira chini yake, na bolti za milimita 10.

Kupima uvujaji: maji ya sabuni na hewa ya psi 3 tu, basi. Hizo psi 3 juu ya ubao wa sentimita 100 kwa 40 ni msukumo wa kilo 800 hivi. Ukiliachia kompresa ya tairi litavimba au kupasuka usoni mwa mtu. Na tenki lililowahi kuwekwa mafuta lisiguswe na moto wa kuchomelea, hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki unalipuka, na mafundi wamekufa hivyo.

Dizeli Tupu
Kama ni la pili, zingatia ritani. Dizeli za sasa zinarudisha mafuta mengi ya moto kwenye tenki. Ukiweka vali ya kuchagua inayobadilisha njia ya kunyonya tu, injini itanyonya tenki la pili na kurudisha kwenye la kwanza mpaka limwagike. Vali iwe ya njia 6, ibadilishe kunyonya na kurudisha kwa pamoja. Njia rahisi zaidi ni kutoigusa injini kabisa: pampu ndogo ya volti 12 ihamishe mafuta kutoka la pili kwenda la kiwandani, yenye filta yake mbele, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, na swichi ya muda. Washa pampu hiyo wakati geji ya tenki la kiwandani iko chini ya nusu. Ukiwasha tenki likiwa limejaa, dizeli itatokea kwenye pumzi na kumwagika barabarani.

Spana 17
Na liwe mbele ya ekseli ya nyuma. Hilux ina milimita 3,085 kati ya ekseli na ekseli. Kilo 100 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli zinabebesha nyuma kilo 132 na kuinyanyua mbele kilo 32. Mbele ikiwa nyepesi, usukani unaelea kwenye mchanga.

Mtafuta Maji
Nimeelewa. Naagiza la lita 140 la chuma. Kwa sasa naongeza la pili la lita 60 kwa pampu ya kuhamishia, mbele ya ekseli, na nikishafunga lile kubwa nalitoa hili. Geji je, itasoma sawa kwenye lile kubwa?

Moto na Chuma
Haitasoma sawa mpaka uipime. Boya la geji lilitengenezwa kwa kina cha tenki la zamani. Mara nyingi mshale unakaa kwenye kujaa kwa kilomita nyingi, kisha unashuka haraka. Tenki likiwa tupu, simamisha gari pa tambarare, mimina lita 10, washa swichi, subiri dakika mbili, andika mshale ulipo. Endelea kumi kumi mpaka lijae na ubandike karatasi hiyo kwenye kioo cha jua. Usijaze mpaka ukingoni: dizeli ya lita 140 ikipata joto nyuzi 20 zaidi inaongezeka lita 2.3, nayo lazima ipate pa kwenda.

Kabla ya hayo yote lisuuze tenki jipya kwa dizeli lita 5, mara mbili, ukilitikisa na kumwaga kupitia kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoa chembe za chuma, rudia. Nozeli za Revo hazivumilii hata chembe usizoziona.