Vijana wa Kihaiti wanavyojaza makanisa ughaibuni: mliosali nao, tupeane uzoefu

MwanaKigango: Wakuu, habari za humu. Jumapili nimepita parokia moja hapa Massachusetts, misa ya Kikreoli, lugha ya Wahaiti, nikakuta vijana wamejaa mpaka kwenye ngazi za nje. Misa yetu ya Kiswahili ukiondoa watoto wa kubebwa mgongoni, sote ni wa kuulizana dawa za presha. Najua humu kuna waliokaa na hawa watu Brooklyn, Miami, Montreal. Wanafanyaje? Siasa za Marekani tuziache nje tafadhali.

DadaWaLowell: Wana ngoma. Nimemaliza.

FundiKinanda: Umenigusa pabaya mkuu. Enzi nabeba maboksi usiku Boston nilikuwa napiga kinanda kwenye kwaya yao ya vijana. Kikreoli sijui, ila noti ni noti. Kwaya ilikuwa inasuasua. Wazazi walikuwa wanawaleta kama mbuzi wa mnada, wakifika wanakaa viti vya nyuma, visikizio masikioni.

Mazoezi yalikuwa Jumanne. Tarehe 12 Januari 2010 ilikuwa Jumanne. Tetemeko lilipiga Haiti kabla tu ya saa kumi na moja jioni, sisi tunafika ukumbini habari imeshaenea. Hakuna aliyefungua daftari la nyimbo. Kila mtu simu sikioni na simu haziingii. Kuna binti mmoja wa sekondari alikuwa anampigia bibi yake. Inakata. Anapiga tena, inakata. Kila ikikata anaifuta simu kwa mkono wa sweta, taratibu, halafu anapiga upya. Baadaye tukasikia Askofu Mkuu wa Port-au-Prince, Joseph Serge Miot, naye amefariki, na kanisa kuu limeanguka. Pale wazee waliishiwa. Nimeona baba mzima, mzee wa kanisa, amekaa sakafuni koti bado limefungwa vifungo.

Wale wa visikizio ndio walioshika kazi, bila kutumwa na mtu. Walibandika karatasi kubwa ukutani, jina la kila ndugu na alipokuwa anaishi: Delmas, Carrefour, Léogâne. Akipatikana, anazungushiwa duara la bluu. Wakithibitisha mtu amefariki hawachori kitu. Wanamwita mwenyewe jikoni, wanampa kiti, ndipo wanamwambia. Umri wao ulikuwa miaka kumi na sita, kumi na saba. Serikali ya Marekani ilipotangaza TPS, kile kibali cha muda cha kukaa nchini, mwezi huohuo, hao hao ndio walioketi na wazee kusoma fomu. Walikuwa na Kiingereza cha kuongea na ofisi, na Kikreoli cha kuongea na mama aliyepoteza mtoto. Padre alikuwa na kimoja tu.

Bibi wa yule binti alipata duara lake mwisho wa wiki. Kwaya ile haikupungua tena, hata wale waliokuwa wameacha kusali tangu kipaimara walirudi.

Njeri_Brockton: Woi. Nimesoma hii nikiwa kwa basi, watu wananiangalia.

MtotoWaKinondoni: Kwa hiyo ushauri ni tungoje tetemeko?

FundiKinanda: @MtotoWaKinondoni acha utoto. Soma tena. Nimesema walipewa kazi ya kweli. Nyie vijana wenu mmewapa kazi gani zaidi ya kupanga viti?

MtotoWaKinondoni: Na kutoa viti pia.

MzeeWaWalei: Vijana wa siku hizi wakipewa kazi wanaharibu. Uzoefu wangu, muwe na mlezi mkali.

Njeri_Brockton: Mzee, hapo ndipo tumewapoteza.

Kiro_Lshi: Jambo ndugu zangu. Mimi niko Montréal, Saint-Michel, tunakaa na Wahaiti mlango kwa mlango. Kuna kitu hamujue: sisi ba Congo na bale tunajuana toka zamani. Baada ya uhuru wa 1960 Wahaiti wengi walikuja kufundisha kwetu, walikuwa banakimbia Duvalier, dikteta wa kwao. Baba yangu alifundishwa hesabu na Mhaiti. Nilipofika hapa, jumamosi nikaingia ukumbi wa parokia nione watoto wanafanya nini, nikakuta michezo, vikundi vimegawanywa kwa umri, wakubwa kidogo wanaongoza wadogo. Nikamuuliza kiongozi, hii si Kiro, chama chetu cha vijana Wakatoliki? Akaruka. Kumbe Kiro iko Haiti, iko na Congo, yote imetoka Flandre kwa Wabelgiji. Siku ile ile nikapewa kikundi cha watoto wa miaka minane. Nilikuwa nimekuja kuangalia tu!

Siri yao ni ile: hakuna mtoto ambaye hana mdogo wake wa kuangalia.

DadaWaLowell: Na ngoma.

Mlokole_Mstaafu: Samahani kuuliza, lakini hao si watu wa vudu? Ngoma hizo mnajua zinaita nini?

MamaKipaimara: Nilijua tu utakuja. Jibu: wamo wanaochanganya, kama ambavyo kwetu mtu anatoka komunyo anapitia kwa mganga. Kwao hayo mambo yamepigwa vita mpaka basi, 1941 na 1942 kulikuwa na kampeni nzima ya kanisa ya kuchoma vitu vya vudu. Na kabla hujawacheka, kumbuka Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo 1868, ndio hao hao waliokuwa na shule kubwa Port-au-Prince mpaka Duvalier akawafukuza 1969. Baadhi wakaendelea na kazi Brooklyn kati ya wakimbizi. Tumebatizwa na mikono ileile.

Mlokole_Mstaafu: Mimi sikubatizwa Bagamoyo.

MamaKipaimara: Inaonekana.

MwanaKigango: Jamani, turudi kwenye mada.

BK_Flatbush: Mimi nasema watu wanaona matunda hawaoni waliolima. Brooklyn alikuwepo Askofu Guy Sansaricq, mzaliwa wa Jérémie, askofu wa kwanza wa Marekani aliyezaliwa Haiti, 2006. Alifariki 2021. Kabla ya kofia ya uaskofu ameshawahudumia Wahaiti miaka mingi. Miami, Thomas Wenski alijifunza Kikreoli akiwa padre kijana, akasali nao Little Haiti enzi wanafika kwa mashua, 2010 akawa askofu mkuu wa Miami. Padre wetu mpaka leo akitaka kutusalimu anasema hakuna matata, na tunampigia makofi.

MtotoWaKinondoni: 😂😂 Hakuna matata na iwe nanyi.

BK_Flatbush: Na kwa lugha, msiwabane vijana. Huku nyimbo ni Kikreoli, mahubiri ya vijana Kiingereza, ugomvi Kifaransa.

MzeeWaWalei: Sikubaliani. Mkilegeza lugha, miaka kumi ijayo hakuna misa ya Kiswahili.

BK_Flatbush: Na mkikaza, hakuna watu.

Mulubondo_SP: Niliahidi sitaandika humu tena lakini hii imenishinda. Mimi Mkongo, naishi São Paulo. Wahaiti walijaa hapa baada ya tetemeko. Kuanzia 2012 Brazil ilikuwa inawapa viza ya kibinadamu. Wengi walipitia Missão Paz, ya mapadre wa Scalabrini pale Glicério, nami nililala hapohapo nilipofika. Tulikuwa na kikundi cha vijana, kiongozi wa nyimbo kijana mmoja wa Gonaïves, fundi wa kupaka rangi majumba. Kazi zilipokauka akasema anakwenda kaskazini. Wengi walikuwa wanaondoka. Kila mwezi tunaaga sauti moja.

Alikuwa anatutumia sauti kwa WhatsApp njiani. Peru. Kolombia. Akasema kesho naingia Darién, ule msitu wa hatari wa kuvukia Panama. Halafu kimya. Tulisali novena ya Mama wa Msaada wa Daima, msimamizi wa nchi yao, tukaimaliza tukaianza tena. Siku moja sauti ikaingia, anahema, anaimba ubeti mmoja tu wa wimbo wetu wa matoleo, ikakatika.

Njeri_Brockton: Alifika???

DadaWaLowell: Usituache hapo kaka.

Mulubondo_SP: Alifika Texas, Septemba 2021, chini ya lile daraja la mpakani Del Rio mliloliona kwenye taarifa za habari. Alilala vumbini na maelfu ya wenzake. Kisha wakampandisha ndege, naye hakuambiwa inakwenda wapi. Ikatua Port-au-Prince. Alikuwa ametoka huko zamani, hana hata chumba.

MwanaKigango: Daah.

Njeri_Brockton: Na sasa yuko wapi? Anakula nini? Kuna namna ya kumtumia kitu?

Mulubondo_SP: Yuko Cap-Haïtien, hukohuko Haiti, yuko hai, anapaka rangi akipata kazi. Anafundisha kwaya ya watoto. Sisi bado anatutumia sauti, ya kwanza na ya pili peke yake, sisi tunaongeza ya tatu. Waliokuwa kwenye kikundi chetu wengine wako Santiago, wengine Tijuana, na huko nako wameanzisha vikundi. Mkiuliza kikundi kimekuaje, kimekua hivyo, kwa kuvunjwa. Msaada nitauliza mwenyewe anataka nini, msimchangie mtu kabla hajaulizwa.

MzeeWaWalei: Nimenyamaza.

Mlokole_Mstaafu: Mungu amlinde. Kwa dhati.

MtotoWaKinondoni: Mkuu MwanaKigango, ushauri wangu mimi ni chakula. Tarehe 1 Januari, siku ya uhuru wao wa 1804, wanapika ile supu ya boga na nyama, wanagawa baada ya misa. Vijana hawakosi. Tarehe 18 Mei siku ya bendera, tena chakula. Sisi tarehe 9 Desemba tunagawa soda na hotuba.

MamaKipaimara: Chakula kinaleta watu wa chakula.

MtotoWaKinondoni: Hata Yesu aliwalisha kwanza.

MamaKipaimara: Aliwahubiria kwanza. Fungua Marko.

Kiro_Lshi: Fanya jumamosi. Si jumapili. Jumapili ni ya wazazi.

BK_Flatbush: Jumamosi vijana wanafanya kazi. Ijumaa usiku.

MwanaKigango: Asanteni wote. Tunaanza Jumamosi hii ukumbi wa chini, paroko kakubali mpaka saa mbili usiku. Watoto wa kipaimara ndio watakaoongoza, mimi nitakaa jikoni. Ngoma tumepata ya kuazima kwa Wahaiti. Tunahitaji kinanda.

FundiKinanda: Kinanda ninacho. Gari ndiyo sina.

DadaWaLowell: Nitakupitia, ila uwe mlangoni, siegeshi.